Akiba ya familia za India haikuliwa na anasa

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki imedumu imani kwamba Mhindi huzaliwa na akiba mkononi. Imani hiyo ilitokana na yale yaliyoonekana dukani: mwenye duka aliyefungua mlango alfajiri na kuufunga usiku, aliyeishi na jamaa zake nyuma ya duka hilo hilo, na aliyeandika kila senti daftarini. Hata lugha ya Kiswahili inaushuhudia uhusiano huo wa zamani, kwani bima, hundi na laki ni maneno yaliyovuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na biashara, na rupia ilitumika Unguja hadi mwaka 1936. Haishangazi basi kwamba watu wengi, wakiwamo wenye elimu, huizungumzia akiba ya Mhindi kama wanavyoizungumzia rangi ya macho yake.

Imani hiyo ina kosa, na kosa lenyewe si dogo. Huligeuza jambo lililojengwa kwa sheria, taasisi na mishahara likawa jambo la damu. Nayo inakanushwa leo na India yenyewe. Mwezi Septemba 2023 Benki Kuu ya India ilitoa hesabu zilizoshtua wengi: akiba ya fedha ya familia, baada ya kutoa madeni yao, ilikuwa imeshuka hadi asilimia 5.1 ya pato la taifa katika mwaka wa fedha wa 2022-23. Kiwango cha chini namna hiyo kilikuwa hakijaonekana kwa miongo kadhaa. Miaka miwili nyuma kilikuwa asilimia 11.5, ingawa ni haki kusema kwamba huo ulikuwa mwaka wa maradhi ya korona, ambao maduka yalifungwa na watu hawakuwa na mahali pa kutumia. Hata hivyo, kabla ya korona kiwango hicho kilikaribia asilimia 8. Wakati huo huo madeni mapya ya familia katika mwaka 2022-23 yalifikia asilimia 5.8 ya pato la taifa. Damu haibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni kingine.

Wako wanaojibu upesi kwamba kilichobadilika ni vijana. Husemwa, katika magazeti ya huko na mezani kwa wazee, kwamba kijana wa Bengaluru au Pune anakunywa kahawa ya bei ya chakula cha familia nzima, anabadili simu kila mwaka na kupanda ndege kwenda kustarehe kabla hajamaliza kulipia safari iliyopita. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini anayeishia hapo ameshika mkia akidhani amemshika ng'ombe mzima.

Msomaji na aitazame kwanza nyumba ya karani wa serikali katika mji kama Nagpur au Lucknow mnamo mwaka 1975. Mshahara wake ulikatwa kabla haujamfikia, kwa ajili ya mfuko wa akiba ya watumishi. Uliobaki aliukabidhi kwa mkewe, naye aliugawa siku ile ile: kodi, mchele na unga, maziwa, ada ya shule, mafuta ya taa. Wakala wa bima, ambaye aghalabu alikuwa jirani au shemeji, alijua tarehe ya mshahara kuliko mwenye mshahara. Posta iliuza hati za akiba. Benki ilipokea amana za muda maalumu, na risiti zake zilihifadhiwa ndani ya kabati la chuma pamoja na vyeti vya shule, hati ya ndoa na bangili za dhahabu. Funguo za kabati hilo alikaa nazo mama wa nyumba, zikining'inia kiunoni penye pindo la sari.

Dhahabu ilikuwa na maana ya pekee. Kwa mila za Kihindu vito anavyopewa mwanamke wakati wa ndoa ni mali yake mwenyewe, si ya mume wala ya mkwe, na kwa wanawake wengi wasiokuwa na shamba, nyumba wala mshahara hiyo ndiyo iliyokuwa benki pekee yenye jina lao. Basi familia ilinunua gramu chache kila mwaka, hasa siku ya Dhanteras kabla ya Diwali, tangu binti angali mchanga. Huko kusini, Kerala na Tamil Nadu, watu walicheza pia upatu wa namna yao, ambao mzunguko wake hupigwa mnada: aliye na shida zaidi hukubali kupokea pungufu, na punguzo hilo hugawiwa wenzake. Serikali ya jimbo la Kerala iliona thamani ya mchezo huo, ikaanzisha kampuni yake ya kuuendesha mwaka 1969, na kampuni hiyo ingali hai.

Ni wazi kwamba karani yule hakuwa mtakatifu. Aliweka akiba kwa kuwa kila upande aliogeukia kulikuwa na taasisi ya umma inayompokea. Mwaka 1956 serikali ilitaifisha kampuni za bima 245, za nchini na za kigeni, na kuunda shirika moja la bima ya maisha. Jina lake kwa Kihindi ni Bharatiya Jeevan Bima Nigam, na msomaji wa Kiswahili atalitambua neno moja humo bila mkalimani. Mwaka 1968 ulianzishwa mfuko wa akiba wa wananchi wote, ambao fedha zake hufungiwa kwa miaka 15 na riba yake hupangwa na serikali. Kuanzia mwaka 1986 hadi mwanzoni mwa 2000 riba hiyo ilikuwa asilimia 12 kwa mwaka, bila kodi. Tarehe 19 Julai 1969 serikali ya Bibi Indira Gandhi ilitaifisha benki kubwa 14, na katika miaka iliyofuata matawi yakafunguliwa hata katika miji midogo ambayo wenye benki wa zamani hawakuiona kuwa na faida. Juu ya hayo yote sheria ya kodi ilimpunguzia mzigo kila aliyeweka akiba. Kila mwaka ulipokaribia tarehe 31 Machi, siku ya kufunga hesabu za serikali, ofisi zilijaa watumishi wenye risiti za bima na posta wakimwonyesha mhasibu kwamba wameweka.

Isije ikadhaniwa kwamba mambo yote yalikuwa mema. Sehemu ya akiba hiyo ilitokana na uhaba tu. Aliyetaka pikipiki ya Bajaj aina ya Chetak alijiandikisha na kungoja miaka mingi, na aliyeomba simu ya nyumbani alingoja vilevile. Gari lilikuwa la wakubwa, hadi Maruti ndogo ilipotoka kiwandani Desemba 1983 na kuanza kuonekana milangoni mwa wahasibu na madaktari. Asiye na cha kununua huweka akiba bila kusifiwa. Tena mamilioni ya vibarua, wachuuzi na wakulima hawakuwamo kabisa katika mpango huo. Mfuko wa watumishi, pensheni na nafuu ya kodi vilikuwa vya wenye mshahara, nao walikuwa wachache. Na dhahabu iliyowekwa kwa ajili ya binti iligeuka mara nyingi kuwa mahari anayotozwa baba yake, jambo lililopigwa marufuku na sheria tangu mwaka 1961 na linaloendelea kuvunja nyumba hadi leo.

Mwaka 1991 India iliishiwa na fedha za kigeni kiasi kwamba serikali ilisafirisha tani 47 hivi za dhahabu ya taifa ili ziwekwe rehani. Nchi ilifanya kama afanyavyo mkulima aliyebanwa na mkopeshaji. Katika mageuzi yaliyofuata, chini ya Waziri wa Fedha Manmohan Singh, leseni za viwanda zilipunguzwa, bidhaa zikaingia, na kampuni za kompyuta zikaanza kuwalipa vijana wa miaka 25 mishahara ambayo baba zao hawakuifikia siku ya kustaafu. Ni kweli kwamba maisha yaliinuka. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa mwaka 1999-2000 familia ya mjini ilitumia asilimia 48 ya matumizi yake kwa chakula. Kufikia 2022-23 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39. Hakuna mtu mwenye busara atakayelisikitikia hilo.

Swali ni fedha iliyotoka jikoni ilikwenda wapi, na hapa ndipo hoja ya anasa inapoanza kudhoofika. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye nyumba. Baba alijenga alipostaafu, kwa fedha za mfuko wake na kiinua mgongo. Mwana ananunua vyumba viwili katika ghorofa akiwa na miaka 30, kwa mkopo wa miaka 20. Serikali ya India yenyewe ilipojibu hesabu zile za Septemba 2023 ilisema kwamba familia hazikufilisika, bali zinakopa ili zinunue nyumba na magari. Jibu hilo ni sahihi kwa nusu. Nyumba ni mali, lakini haiuzwi kwa vipande mama anapougua, na benki haipokei tofali badala ya malipo ya mwezi.

Sehemu nyingine ilikwenda shuleni, na walimu watalielewa jambo hili kuliko wengine. Shule za serikali mijini zimeachwa na kila mwenye uwezo wa kulipa ada. Baada ya shule kuna masomo ya ziada, na baada ya hayo kuna mji kama Kota, katika Rajasthan, unaoishi kwa kuwafundisha vijana kupita mitihani ya uhandisi na udaktari. Mwaka 2024 vijana zaidi ya milioni mbili na laki tatu walifanya mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari kwa ajili ya nafasi zipatazo laki moja na kidogo, na karibu nusu ya nafasi hizo ziko katika vyuo vya watu binafsi ambavyo ada zake zaweza kumeza akiba ya maisha. Mzazi anayeuza bangili ili mwanawe akae chuoni hawezi kuitwa mbadhirifu. Hospitali nazo zina sehemu yao, kwani karibu asilimia 40 ya gharama zote za matibabu nchini zilitoka moja kwa moja mfukoni mwa wagonjwa mwaka 2021-22, na hapo ilikuwa nafuu kubwa ikilinganishwa na miaka kumi iliyotangulia.

Hata hivyo anasa ipo, na imepewa miguu. Mfumo wa malipo kwa simu uitwao UPI ulianzishwa mwaka 2016. Kufikia Agosti 2023 ulikuwa ukipitisha malipo zaidi ya bilioni 10 kwa mwezi mmoja, na miaka miwili baadaye idadi hiyo ikawa imefika bilioni 20. Muuza chai, muuza mboga na kinyozi, kila mmoja ametundika karatasi yenye alama ya kupigwa picha na simu, na kisanduku kidogo hutangaza kwa sauti kiasi kilicholipwa. Ni kazi ya kujivunia, iliyofanywa na taasisi ya umma, na maskini wameifaidi. Lakini noti inapotoka mkononi mkono huhisi. Simu haihisi kitu. Mama aliyegawa mshahara katika mafungu aliziona fedha zikipungua kwa macho yake, na mjukuu wake huarifiwa mwisho wa mwezi.

Juu ya urahisi huo yamewekwa malipo ya awamu, ambayo watu wote wa India huyajua kwa herufi tatu, EMI. Zamani awamu ilikuwa ya nyumba na gari. Sasa ni ya simu, friji, kitanda, safari ya mapumziko na hata arusi. Kadi za mkopo zimepita milioni 100. Benki Kuu ilikwisha kuona hatari, na Novemba 2023 ikazitaka benki zitenge mtaji mkubwa zaidi kwa ajili ya mikopo ya matumizi isiyo na dhamana. Mshahara wa kijana mwingi wa mjini hukatwa kabla haujamfikia, kama ulivyokatwa wa karani wa mwaka 1975, isipokuwa karani alikatwa kwa ajili ya kesho yake na kijana anakatwa kwa ajili ya jana yake.

Akiba ya siri ya akina mama nayo ilipata pigo lake, ambalo halisemwi vya kutosha. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 si fedha halali tena. Noti hizo zilikuwa asilimia 86 ya thamani ya fedha yote iliyokuwa mikononi mwa watu. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwanasa wakwepa kodi na wenye noti bandia. Lakini katika nyumba nyingi walionaswa walikuwa wake. Noti zilizofichwa kwa miaka ndani ya pipa la mchele au katikati ya mikunjo ya sari zilibidi zitolewe na kupelekwa benki, mara nyingi kwa mkono wa mume, katika akaunti ya mume. Mwanamke mwingi aliyekuwa na kinga dhidi ya ulevi au ukatili wa nyumbani alibaki bila hiyo kinga. Takriban noti zote zilirudi benki, kama Benki Kuu yenyewe ilivyokiri baadaye, maana yake wezi wakubwa hawakupoteza kitu.

Na akiba mpya iko wapi? Iko katika soko la hisa. Familia ambayo babu yake aliziita hisa kamari sasa hukatwa rupia 500 au 5,000 kila mwezi kwa ajili ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na mwezi Aprili 2024 makato hayo kwa nchi nzima yalivuka rupia bilioni 200. Akaunti za kutunzia hisa, ambazo mwaka 2020 zilikuwa milioni 40 hivi, zilikuwa zimepita milioni 150 miaka minne baadaye. Mfuko wa pamoja wenye subira si kitu kibaya, hasa amana ya benki inapozidiwa na mfumuko wa bei. Ila mlango ule ule ndiyo unaoingiza wanunuzi wa mikataba ya kubahatisha bei za siku au wiki. Msimamizi wa masoko ya hisa wa India alichunguza biashara hiyo kwa miaka mitatu hadi Machi 2024, akakuta kwamba watu binafsi 93 kati ya kila 100 walioifanya walipata hasara, na hasara zao kwa jumla zilizidi rupia trilioni 1.8. Waliopata walikuwa hasa makampuni makubwa yanayonunua na kuuza kwa mashine. Kumwita kijana wa Indore aliyefanya hivyo kwa simu akiwa kitandani mwekezaji ni kulidhalilisha neno.

Kijana huyo hakuisukuma akiba yake mwenyewe kuelekea huko. Amesukumwa. Mwaka 2020 serikali ilileta utaratibu mpya wa kodi wenye viwango vidogo, lakini usiotoa nafuu kwa bima, posta wala mfuko wa miaka 15. Chini ya utaratibu wa zamani mtumishi aliweza kuondolewa kodi kwa akiba ya hadi rupia laki moja na nusu kwa mwaka. Kuanzia mwaka 2023 utaratibu mpya ndio uliofanywa wa kawaida, na katika hesabu zilizowasilishwa mwaka uliofuata walipa kodi 72 kati ya kila 100 walikuwa ndani yake. Sasa tarehe 31 Machi hupita kimya ofisini, bila msururu kwa mhasibu. Sababu iliyotolewa ni uhuru wa mwananchi kutumia fedha yake apendavyo. Riba ya mfuko wa miaka 15 nayo imebaki asilimia 7.1 tangu Aprili 2020.

Lakini hatua iliyogusa maisha zaidi ni ya zamani kidogo. Mtumishi wa serikali kuu ya India aliyeajiriwa kabla ya tarehe 1 Januari 2004 ana pensheni ya nusu ya mshahara wake wa mwisho, inayopanda pamoja na gharama za maisha, na mjane wake hubaki na sehemu yake. Aliyeajiriwa siku hiyo au baadaye hakuahidiwa hivyo. Hukatwa asilimia 10 ya mshahara, serikali huongeza yake, fedha hupelekwa sokoni, na atakachopata uzeeni kitategemea bei za siku atakayostaafu. Karibu majimbo yote yalifuata mfano huo, na hivyo walimu wa shule zao wakaingizwa humo. Tarehe 1 Oktoba 2023 maelfu yao walikusanyika katika uwanja wa Ramlila, Delhi, wakidai pensheni ya zamani. Majimbo machache, Rajasthan na Himachal Pradesh yakiwamo, yalikuwa yamekwisha kutangaza kuirudisha. Serikali kuu nayo ililegea kidogo: kuanzia Aprili 2025 watumishi wake wameruhusiwa kuchagua mpango wa tatu, unaoahidi nusu ya wastani wa mshahara wa mwaka wa mwisho kwa aliyetumika miaka 25, huku makato yakiendelea.

Wachumi wa Delhi husema kwamba pensheni ya zamani ingeyafilisi majimbo, na hesabu zao haziwezi kupuuzwa. Jimbo lenye madeni linalolipa wastaafu kwanza hukosa fedha za kuajiri walimu wapya. Lakini mzigo haukutoweka kwa kuondolewa katika vitabu vya serikali. Umehamia katika nyumba za watu, na nyumba hizo ndizo zinazolaumiwa leo kwa kutoweka akiba, baada ya kunyimwa nafuu ya kodi, kuachiwa ada za shule na kuwekewa mkopo katika kila simu. Kuna watumishi wawili wanaokaa meza moja, wenye cheo kimoja na elimu moja, mmoja wao akiwa ameajiriwa Desemba 2003 na mwenzake Januari 2004. Wa kwanza anajua atakula nini akiwa na miaka 75. Wa pili huifungua simu yake kila asubuhi kutazama bei za hisa, kisha hulipa ada ya mwanawe kwa awamu.